Uzamili wa uongozi wa usalama wa umma kwa njia ya mtandao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wasomaji wa Nakuru, Kisumu na magharibi mwa Kenya

Ukurasa huu ni wa maafisa wa polisi, askari magereza, wazima moto wa kaunti, machifu na manaibu wao, wahudumu wa ambulensi na mameneja wa kampuni za ulinzi. Wengi wenu mna shahada ya kwanza, kazi ya zamu na watoto shuleni. Majibu hayalingani urefu. Tumekaa zaidi pale ambapo mtu akiteleza anapoteza pesa na miaka.

Shahada hii inafundisha nini hasa?

Inafundisha kuongoza taasisi ya usalama. Mhadhiri anachukulia kwamba kuandika OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), kupiga doria au kuvuta mpira wa maji unajua tayari. Unachosoma ni bajeti, sheria na haki za raia, maadili ya kazi, kusimamia watu waliochoka, kusoma takwimu za uhalifu na ajali, kuzungumza na wanahabari wakati wa janga, na kufanya kazi na idara ambazo haziripoti kwako.

Programu zenye jina hili zimeenea zaidi Marekani. Huko kwa kawaida ni krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 30 hadi 36, na mtu aliye kazini humaliza kwa mwaka mmoja na nusu au miwili, akichukua somo moja au mawili kwa wakati mmoja. Uingereza, Australia na Afrika Kusini pia wana masomo ya namna hii, ila majina hubadilika: uongozi wa polisi, usimamizi wa dharura, usimamizi wa usalama. Soma orodha ya masomo kabla ya kuvutiwa na jina la shahada.

Inatofautianaje na kriminolojia au usimamizi wa majanga?

Kriminolojia inauliza kwa nini watu huvunja sheria na jamii ifanye nini. Usimamizi wa majanga unashughulika na mafuriko, moto, maporomoko, ukame, na jinsi ya kujiandaa na kurejesha maisha baadaye. Uongozi wa usalama wa umma unachota kwa wote wawili, lakini swali lake ni moja: wewe uliyepewa watu, magari na bajeti ndogo, utaviongoza vipi?

Kama ndoto yako ni kufundisha chuoni au kufanya utafiti, kriminolojia itakufaa zaidi. Kama uko katika kitengo cha majanga cha kaunti, tazama kwanza Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega, ambacho kina skuli nzima ya usimamizi wa majanga na misaada ya kibinadamu. Kama wewe ni OCS (mkuu wa kituo cha polisi), mkuu wa zimamoto, msimamizi wa gereza au naibu kamishna wa kaunti, au unaelekea huko, endelea kusoma hapa.

Nilipata daraja la pili la chini. Nitakubaliwa?

Mara nyingi, ndiyo. Vyuo vya hapa nchini kwa kawaida hutaka daraja la pili la juu, au la chini likiambatana na miaka miwili ya kazi inayohusiana na somo. Vyuo vingi vya Marekani katika fani hii hutazama wastani wa alama, uzoefu wa kazi, barua mbili tatu za wanaokufahamu kikazi na insha ya kueleza unachotaka. GRE, mtihani wa kuingia masomo ya juu Marekani, haudaiwi sana kwenye programu hizi.

Insha hiyo ipe uzito. Mtu aliyesimamia kituo Muhoroni au lokesheni Budalang'i ana mambo ya kusema ambayo kijana aliyetoka chuo jana hana. Andika tukio moja uliloshughulikia, uamuzi uliofanya na kilichokushinda. Usiandike kwamba tangu utotoni ulipenda kuhudumia jamii. Kila mwombaji anaandika hivyo.

Je, cheti kitatambuliwa Kenya?

Hili ndilo swali la kwanza kwa uzito, na inasikitisha kwamba wengi huliuliza la mwisho, baada ya kulipa karo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunayoiita CUE, ina jukumu la kutambua na kulinganisha shahada zilizotolewa na vyuo vya nje. Ipo pia Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Kielimu, KNQA, inayosimamia mfumo wa viwango vya elimu nchini. Katika mfumo huo shahada ya kwanza ni kiwango cha 7, uzamili ni cha 9 na uzamivu ni cha 10. Mwajiri wa serikali akitilia shaka karatasi yako, huko ndiko itakakopelekwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma hata shilingi moja, iandikie Tume barua pepe. Taja jina kamili la chuo, nchi, jina la programu, na useme wazi kwamba masomo yote ni ya mtandaoni. Uliza kama cheti hicho kitatambuliwa. Jibu litakalokuja kwa maandishi lihifadhi, ulichapishe, uliweke pamoja na vyeti vyako. Jibu la mdomo kutoka kwa wakala wa chuo, hata awe na ofisi nzuri mjini na kalenda yenye nembo ukutani, halina nguvu mbele ya bodi ya mahojiano.

Neno "mtandaoni" usilifiche. Kuna watu hudhani wakinyamaza itapita. Siku ya kutafuta utambuzi utatakiwa kuonyesha ulisoma wapi na vipi, na ni heri jambo hilo lijulikane mapema.

Nitajuaje kwamba chuo si feki?

Chuo halali huidhinishwa na chombo kinachotambulika katika nchi yake. Kwa Marekani, Idara ya Elimu ya nchi hiyo ina hifadhidata ya bure kwenye intaneti ambapo unaandika jina la chuo na kuona ni chombo gani kilikiidhinisha. Baraza liitwalo CHEA lina orodha kama hiyo. Uingereza wana rejista ya Office for Students. Kwa vyuo vya hapa, CUE huchapisha orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa.

Kuwa makini na vyombo vya kuidhinisha vya kubuni. Matapeli hufungua tovuti ya chuo na tovuti nyingine ya "baraza la kimataifa la ubora", kisha ya pili ikaisifu ya kwanza. Ndiyo maana hutakiwi kufuata kiungo kilichowekwa kwenye tovuti ya chuo. Fungua mwenyewe hifadhidata ya serikali, utafute jina.

Dalili nyingine hujitokeza zenyewe: shahada kwa miezi mitatu, digrii kwa "uzoefu wa maisha" bila kusoma chochote, punguzo linaloisha leo usiku, karo ilipwe kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Mtu wa usalama aliyezoea kunusa ulaghai kazini autumie uzoefu huo hapa pia.

Itanigharimu pesa ngapi?

Tuhesabu pamoja. Chukua programu ya krediti 33 inayotoza dola 600 kwa kila krediti. Hizo ni dola 19,800. Dola ikiwa Sh130, ni Sh2,574,000, kabla ya vitabu, ada ya maombi, ada ya teknolojia na makato ya benki ya kutuma pesa nje. Ziko programu zinazotoza chini ya dola 400 kwa krediti, na ziko zinazopita dola 1,000. Vyuo vya hapa nchini karo ya uzamili huhesabiwa kwa malaki, haifiki mamilioni.

Maoni yetu tunayasema waziwazi: usiuze shamba kwa ajili ya shahada hii. Usichukue mkopo wa sacco utakaomeza mshahara miaka mitano ukitegemea cheo ambacho hakuna aliyekuahidi. Shahada ya karo nafuu kutoka chuo kinachotambuliwa itakufikisha kulekule. Nyumbani zungumzeni na mwenzako kabla ya kujaza fomu, maana karo hiyo itatoka kwenye kikapu kimoja na ya watoto.

Ukiamua kuendelea, uliza mambo matatu kwa maandishi: kama karo inaweza kulipwa somo kwa somo, ukiacha katikati ya somo unarudishiwa kiasi gani na hadi wiki ya ngapi, na kama karo inaweza kupanda kabla hujamaliza. Kulipa somo kwa somo ndiyo njia salama kwa mtu wa mshahara. Ukihamishwa ghafla kwenda Turkana, au mzazi akilazwa, unasimama muhula mmoja bila deni.

Kuna ufadhili au mkopo?

Upo, ila ni finyu. Msaada wa wanafunzi wa serikali kuu ya Marekani ni wa raia wao na wakazi fulani wa huko, kwa hiyo FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, usipoteze muda nayo. Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola, iliyoko Uingereza, ina ufadhili maalumu wa uzamili kwa wanaosoma kwa masafa wakiwa nchini mwao, na Kenya ni miongoni mwa nchi zinazonufaika. Ufadhili huo hutolewa kwa programu zilizochaguliwa tu, hivyo tazama orodha ya mwaka husika. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nayo ina mkopo wa wanaosoma uzamili. Waulize kwanza kama programu na chuo unachotaka vinakubalika.

Baadhi ya vyuo vya Marekani hupunguza karo kwa maafisa wa usalama. Punguzo hilo kwa kawaida limeandikwa kwa ajili ya maafisa wa huko, lakini halimkatazi mtu kuuliza. Tuma nakala ya barua yako ya ajira na uombe.

Nikimaliza nitapandishwa cheo?

Hakuna anayeweza kukuahidi hivyo, na anayekuahidi anataka karo yako. Katika Huduma ya Taifa ya Polisi, cheo hutegemea nafasi iliyopo, muda wa utumishi, kozi za ndani kama zile za vyuo vya polisi vya Kiganjo na Embakasi, tathmini ya kazi na rekodi ya nidhamu. Elimu ni kigezo kimoja kati ya hivyo. Kaunti nazo hupitia bodi zao za utumishi wa umma, na hutangaza nafasi kwa masharti yaliyoandikwa. Yasome matangazo ya miaka iliyopita ya kazi unayoitamani uone kama uzamili ulitajwa.

Kuna nafasi ambazo shahada hii inaonekana zaidi: mipango na utafiti makao makuu, ukufunzi, taasisi za usimamizi kama IPOA (mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi), mashirika ya misaada, na ukuu wa usalama kwenye viwanda, hoteli, hospitali na vyuo vikuu. Koplo mwenye uzamili anaweza kukaa koplo kwa muda. Ajue hivyo mapema asije akavunjika moyo.

Nimwambie mkubwa wangu, au nisome kimya?

Mwambie, kwa barua. Omba idhini rasmi ya kusoma kupitia ngazi za kawaida, eleza kwamba ni masomo ya mtandaoni yasiyohitaji likizo ndefu, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Bila barua hiyo, siku ukipeleka cheti kiingizwe kwenye faili lako utaulizwa ulisoma saa ngapi na kwa ruhusa ya nani. Isitoshe, mkubwa anayejua unasoma anaweza kukupangia zamu kwa huruma kidogo wiki ya mitihani. Asipokubali, angalau unajua unasimama wapi.

Nafanya zamu za usiku. Nitahudhuria darasa saa ngapi?

Tafuta programu ambayo mihadhara hurekodiwa na kazi hutolewa kwa wiki, ili kila mtu asome kwa saa yake. Programu nyingi za watu walio kazini zimepangwa hivyo. Zenye vipindi vya moja kwa moja zitakusumbua kwa tofauti ya saa. Kipindi cha saa kumi na mbili jioni California ni saa kumi alfajiri kwetu, na wao wakirudisha saa nyuma mwezi Novemba kinakuwa saa kumi na moja. Cha saa moja jioni New York ni saa nane usiku hapa, kisha saa tisa. Afrika Kusini tofauti ni saa moja tu, na Uingereza ni saa mbili au tatu.

Kuhusu muda wa kusoma, usidanganyike na maneno "somo moja tu". Kwa hesabu ya Marekani, krediti moja inakadiriwa kuwa saa 45 za kazi, darasani na nje. Somo la krediti tatu ni saa 135. Likifundishwa kwa wiki 15 ni saa tisa kwa wiki. Likibanwa katika wiki nane, kama programu nyingi za mtandaoni zinavyofanya, ni karibu saa 17 kwa wiki. Kwa mtu wa zamu ya saa kumi na mbili, hizo 17 ni siku zote za mapumziko. Anza na somo moja. Mama anayenyonyesha au aliye na watoto wadogo aulize kama chuo kinaruhusu kuahirisha muhula bila kuomba nafasi upya.

Intaneti na stima vinakatika. Nifanyeje?

Pakua mihadhara na makala usiku au alfajiri, usitegemee kutazama moja kwa moja. Andika kazi zako kwenye laptopu kwanza, kisha uzibandike kwenye mfumo wa chuo. Usiandike ndani ya mfumo wenyewe, stima ikipotea umepoteza. Kazi itume siku moja kabla. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina utulivu ambao kambi haina. Simu inatosha kusoma, lakini haitoshi kuandika karatasi ya kurasa ishirini.

Mifano yao yote ni ya Marekani. Itanisaidia nini Nyando au Molo?

Swali hili ndilo linalotofautisha aliyepata elimu na aliyepata karatasi tu. Ukienda darasani mikono mitupu, utarudi na hadithi za New York na Los Angeles. Ukienda na tatizo la kituo chako, kila somo litakuwa chombo cha kulifanyia kazi. Sisi humwambia kila anayetuuliza: chagua tatizo kabla hujachagua chuo.

Chukua somo la uongozi wa tukio. Mfumo wa kuamuru matukio unaofundishwa Marekani ulizaliwa California miaka ya 1970, baada ya moto mkubwa wa misitu kuonyesha kwamba vikosi vingi vikikutana bila kamanda mmoja, bila lugha moja ya redio na bila mpango mmoja, vinakwamishana. Sasa uweke karibu na Sachang'wan. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka kwenye barabara kuu kati ya Nakuru na Eldoret, watu wakamiminika kuchota mafuta, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakafa. Mwanafunzi kutoka Molo hana haja ya mfano wa California. Anaweza kuuliza: tukio kama lile likitokea kesho, nani anazungusha utepe, umbali gani, na nani ana mamlaka ya kumwambia kila mtu arudi nyuma?

Na jibu lake hapa kwetu lina ugumu ambao kitabu cha Marekani hakiujui. Polisi ni wa serikali kuu. Zimamoto ni ya kaunti, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliipa kaunti huduma za kuzima moto na usimamizi wa majanga. Ambulensi inaweza kuwa ya kaunti, ya Msalaba Mwekundu au ya hospitali binafsi. Chifu yuko chini ya kamishna wa kaunti. Na waliofika kwanza, kabla ya hao wote, ni waendesha boda boda. Wote wanakutana kando ya barabara usiku, kila mmoja na bosi wake. Kuandika makubaliano mafupi ya nani anaamuru nini katika hali hiyo, yakakubaliwa na pande zote na kufanyiwa zoezi, ni kazi ya uzamili inayoweza kuokoa watu.

Mifano ya nyumbani haiishi. Bwawa la Solai lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Katika shule ya msingi ya Kakamega, tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi walikanyagana kwenye ngazi wakitoka darasani na zaidi ya kumi wakafa. Nzoia na Nyando hufurika, familia zilezile hurudi kwenye kambi zilezile. Mwombe mhadhiri wako ruhusa ya kutumia matukio haya badala ya kimbunga Katrina. Wengi hufurahi.

Wazo jingine linalosafiri vizuri ni la Herman Goldstein, profesa wa sheria wa Wisconsin, aliyeandika mwaka 1979 kwamba polisi wasihesabu tu simu walizojibu, bali waulize kwa nini simu zinatoka mahali palepale. OCS anayepokea malalamiko ya unyang'anyi kwenye kijia kimoja kila mwisho wa mwezi anaweza kuongeza doria, au anaweza kugundua kwamba ni siku ya mshahara, taa ni mbovu na matatu za mwisho hushusha watu mbali na makazi. Dawa inaweza kuwa barua kwa idara ya taa ya kaunti. Na anayesoma mageuzi ya polisi asiache ya kwetu: Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi za 2007 na 2008, jopo la Jaji Ransley la 2009, kisha sheria za 2011 zilizounda Huduma ya Taifa ya Polisi na IPOA.

Mradi wa mwisho ni nini, na nichague mada gani?

Badala ya tasnifu ndefu, programu nyingi za aina hii humalizia kwa mradi: unachukua tatizo halisi la taasisi, unalipima, unapendekeza suluhisho na gharama zake. Chagua dogo. "Usalama barabarani magharibi mwa Kenya" ni mada ya wizara. "Kwa nini gari letu la zimamoto huchelewa kufika sokoni" ni mada ya mtu mmoja.

Hebu tuone hii ya mwisho inavyofanyiwa kazi. Kwa kila tukio unahitaji kuandika nyakati nne tu: simu ilipoingia, gari lilipotoka langoni, lilipofika, na kazi ilipoisha. Vituo vingi huandika wa kwanza na wa mwisho. Zile mbili za katikati ndizo zenye siri. Kama kati ya simu na lango kuna dakika kumi, tatizo liko ndani ya kituo: dereva yuko wapi, ufunguo uko kwa nani, tangi lina maji au linajazwa baada ya simu. Kama gari linatoka upesi lakini linachelewa njiani, tatizo ni vibanda vilivyoziba njia ya soko, au kituo kiko upande usiofaa wa mji. Daftari la kawaida, kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani, na miezi sita ya kuandika kwa uaminifu vitakupa data ambayo hakuna mshauri wa nje angeweza kuileta. Halafu ndipo unapoingia kwenye bajeti ya kaunti na kuonyesha kwamba pesa zinazoombwa kwa gari jipya zingefanya kazi zaidi kwenye visima vya kujazia maji, au kinyume chake.

Naweza kutumia taarifa za kazini?

Kwa tahadhari kubwa. Usibandike ukurasa wa OB kwenye jukwaa la darasa, usitaje jina la mtuhumiwa, mwathiriwa au mtoa habari, usipige picha ya mpango wa operesheni. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 zinakuhusu hata kama seva ya chuo iko ng'ambo. Ondoa majina, tumia jumla, na upate ruhusa ya maandishi ya mkuu wa kituo.

Ukitaka kuhoji watu au kukusanya data hapa nchini, utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya hapa nchini na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa inayosimamia utafiti), kisha ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Kamati ya maadili ya chuo chako cha nje haichukui nafasi ya hivyo. Anza mapema.

Kuna watu wanaweza kuniandikia kazi. Ni kosa?

Ni udanganyifu, na chuo kikikugundua kinakufukuza au kukunyang'anya shahada hata baada ya miaka. Kazi ikiandikwa na programu ya akili unde bila idhini ya mhadhiri, hesabu ni hiyohiyo. Lakini kwa mtu wa usalama jambo hili ni zito zaidi. Wewe ndiye utakayesimama mahakamani kuapa kwamba taarifa uliyoandika ni yako. Ukilemewa, omba muda wa ziada. Wahadhiri wa watu walio kazini huutoa.

Nahitaji viza? Na je, shahada hii itanipeleka kufanya kazi Marekani?

Viza huhitaji kwa masomo ya mtandaoni. Na hapana, kusoma ukiwa Kisumu hakukupi haki ya kuishi wala kufanya kazi huko.

Mtihani wa Kiingereza ni lazima?

Inategemea chuo. Vingine huuondoa kwa mtu aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza. Omba barua kwa msajili wa chuo chako cha zamani inayothibitisha lugha ya kufundishia.

Kuna njia ya kusoma hapahapa bila chuo cha nje?

Ipo, na wengi wenu ingewafaa zaidi. Mbali na Masinde Muliro, Chuo Kikuu cha Maseno kina kampasi ya mtandaoni, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya usalama na amani pamoja na skuli ya masomo ya mtandaoni. Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi kiko Lanet, Nakuru. Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilizinduliwa Agosti 2023 na masomo yake yote ni ya mtandaoni. Piga simu kwa ofisi ya masomo ya juu uulize ni shahada zipi za uzamili zinafunguliwa muhula ujao na zipi zinafundishwa mtandaoni, maana orodha hubadilika.

Faida yake ni karo ya shilingi na wahadhiri wanaoijua Katiba yetu. Chuo cha nje kinakupa wenzako wa darasa kutoka idara za nchi nyingine, na hiyo ni faida ya kweli kwa anayeimudu.

Nimemaliza. Nifanye nini na cheti?

Mwambie msajili akutumie cheti halisi kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi inayofuatilia mzigo, na nakala ya matokeo iliyofungwa kwa muhuri. Omba pia barua inayoeleza ulianza lini, ulimaliza lini na kwamba ulisoma mtandaoni. Hifadhi maelezo ya kila somo ulilosoma. Vyuo hubadilisha tovuti, na miaka mitatu baadaye huenda usiyapate. Kisha peleka maombi ya utambuzi CUE ukiwa na vyeti vya nyuma kuanzia KCSE, kitambulisho, na lile jibu la maandishi ulilopewa kabla ya kuanza. Ukipata barua ya utambuzi, nakala moja iende kwenye faili lako kazini kupitia kwa mkuu wako, ikiwa imeambatanishwa na barua ya idhini ya kusoma.